Watano Wengi, Watano Wachache

Msomaji wa Unguja, wa Pemba au wa Lamu akilisikia jina la Nyakahanga huenda akauliza: ni wapi huko, na kuna nini cha kutajwa katika kurasa zilizozoea vina na mizani? Nyakahanga ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, katika nchi ya vilima, migomba na mibuni, karibu na mji wa Kayanga. Wengi huijua kwa hospitali yake, iliyo ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Huko hakuna bahari wala tanga. Lakini mpira huchezwa, kama unavyochezwa Makunduchi na Wete. Na penye mpira hapakosi mtoto aliyekaa pembeni, jezi imemning'inia, akingoja kuitwa. Ubishi wa makala haya ni juu ya mtoto huyo, na juu ya wale wanaomwambia kwamba nafasi zimekwisha.

Katika dunia ya kandanda imeingia hesabu moja ambayo sasa hukubaliwa kana kwamba ilishushwa pamoja na mpira wenyewe: wachezaji watano wa akiba kuingia katika mchezo mmoja. Watangazaji huitaja bila kuihoji, makocha huipangia mbinu, na vijana wa mitaani, ambao tendo hilo huliita sabu, hawakumbuki tena kwamba jana tu hesabu ilikuwa nyingine. Ukweli ni kwamba hesabu hiyo ina makosa mawili yanayokwenda pande mbili. Katika ligi kuu, watano ni wengi mno. Katika uwanja wa kijiji, watano ni wachache mno. Kosa la kwanza linamwongezea mwenye nacho. La pili linamnyang'anya asiye nacho hata kile kidogo alichokijia uwanjani, yaani muda wa kucheza.

Ni vyema kwanza kuikumbuka safari ya hesabu yenyewe. Tangu Chama cha Soka cha Uingereza kiandike sheria zake mwaka 1863, kwa miaka mingi desturi ilikuwa kwamba kumi na mmoja walioanza ndio waliomaliza. Aliyevunjika alitoka na wenzake wakabaki kumi, au alibaki akichechemea ili angalau amshughulishe mpinzani mmoja. Mwaka 1956, katika fainali ya Kombe la FA, kipa wa Manchester City, Bert Trautmann, aliumia shingo, akaendelea kulinda lango hadi mwisho, na timu yake ikashinda mabao 3 kwa 1. Siku chache baadaye picha za eksirei zilionyesha kwamba mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika. Mwaka 1966, katika Kombe la Dunia huko Uingereza, Pelé aliumizwa katika mchezo dhidi ya Ureno hata akawa hawezi kukimbia, naye akabaki uwanjani akichechemea, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuingia badala yake. Wapo wanaosimulia habari hizi kwa fahari, wakisema huo ndio uliokuwa uanaume. La hasha. Huo ulikuwa ukatili uliovikwa joho la ushujaa, na kuukomesha kulikuwa haki.

Uingereza iliruhusu mchezaji mmoja wa akiba katika ligi yake msimu wa 1965/66, tena kwa ajili ya aliyeumia tu. Kombe la Dunia likaruhusu wawili mwaka 1970, nchini Mexico. Katika mashindano hayo hayo Franz Beckenbauer, bega likiwa limeteguka, alimaliza nusu fainali dhidi ya Italia mkono umefungwa kifuani, kwa sababu Ujerumani Magharibi ilikuwa imekwisha kuzitumia nafasi zake zote mbili. Kombe la Dunia la 1994 liliruhusu wawili pamoja na kipa. Mwaka 1995 wakawa watatu, kwa sababu yoyote ile. Hesabu ya watatu ikadumu robo karne.

Kisha ikaja korona. Mei 2020 bodi inayotunza sheria za mchezo huu, IFAB, iliruhusu watano kwa muda, maana ligi zilizokuwa zimesimama zilikuwa zinarudi kwa haraka na mechi zikirundikana. Sababu ilikuwa njema, na aliyeipinga wakati ule hakuwa na huruma. Lakini janga lilipopungua, ruhusa haikupungua. Juni 2022 ilifanywa ya kudumu, na orodha ya wanaoweza kutajwa benchini ikapanuliwa hadi kumi na watano. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu siku ya tatu alipewa hati ya nyumba.

Je, watano ni wengi kwa nini? Kwa sababu ukimwacha kipa, timu ina watu kumi, na watano ni nusu yao. Kocha anayebadilisha nusu ya timu hairekebishi tena, anaingiza nyingine. Na hapa ndipo hila ya usawa inapojificha. Sheria ni moja kwa wote, lakini mabenchi si mamoja. Ruhusa ya kila mtu kuvaa hariri haimvishi hariri mwenye kaniki. Timu ndogo iliyojizatiti saa nzima, ikakimbia, ikaziba kila mwanya, hufika dakika ya sitini ikitumaini jambo moja tu: kwamba mwenye nguvu naye amechoka. Silaha kubwa ya mnyonge ni uchovu wa mwenye nguvu. Sheria ya watano imemnyang'anya silaha hiyo, kwa kuwa mwenye nguvu hachoki tena. Huagiza miguu mipya. Wenye vilabu vidogo vya Uingereza waliliona hilo mapema. Ligi yao kuu ilirudi kwenye watatu msimu wa 2020/21 na uliofuata, huku wakubwa wakidai watano na wadogo wakikataa, hadi wadogo waliposhindwa na watano wakaanza kutumika msimu wa 2022/23.

Nchini Tanzania jambo hili halihitaji darubini. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2025 ubingwa wa ligi kuu ulitoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, msimu wa 2013/14, ulipochukuliwa na Azam. Haki isemwe: ukubwa huo haukuletwa na wachezaji wa akiba, kwani ulikuwapo kabla yao. Lakini tajiri anapozidi kupewa, si hoja kusema kwamba alikuwa tajiri tangu zamani. Kagera Sugar, ambayo kwa miaka mingi ililibeba jina la mkoa ilimo Nyakahanga na kuwakaribisha wakubwa hao katika Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, haikuhitaji kuambiwa benchi refu ni nini. Timu ya namna hiyo ikitoa mchezaji mzuri aliyechoka, huingiza anayekaribia uzuri wake. Mkubwa akitoa mchezaji wa timu ya taifa, huingiza mwingine wa timu ya taifa.

Atasimama mtetezi wa watano na kuitaja fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2022, huko Qatar. Ufaransa ilikuwa nyuma kwa mabao mawili; kocha Didier Deschamps akawatoa Giroud na Dembélé dakika ya 41, kabla hata ya mapumziko, akawaingiza Thuram na Kolo Muani. Wageni hao walisaidia kuugeuza mchezo, ukaisha kwa mabao 3 kwa 3, na Argentina ikashinda kwa penalti. Bila ya watano, atauliza mtetezi, je, dunia ingeiona fainali ile? Swali ni zuri, na jibu lake halimsaidii. Kwa sheria ya watatu kocha yule angaliweza kufanya vile vile, ila angalikuwa ametumia mbili katika tatu kabla ya mapumziko, na angaliingia kipindi cha pili akiwa na nafasi moja ya kuombea salama. Hapo ndipo ingalipimwa roho yake. Uamuzi usio na gharama hauitwi uthubutu.

Atasema tena kwamba wachezaji wa siku hizi wanachoshwa na wingi wa mechi, na kwamba watano ni huruma kwao. Uchovu huo ni wa kweli, wala haufai kubezwa. Lakini ni nani aliyeziongeza mechi? Kombe la Dunia lenye timu thelathini na mbili limefanywa la timu arobaini na nane kuanzia 2026. Kombe la Dunia la vilabu limechezwa na timu thelathini na mbili mwaka 2025. Wanaouza mechi zaidi ndio hao hao wanaoleta wachezaji wa akiba zaidi kama dawa. Ni kama mwenye punda kumwongezea magunia, kisha akajisifu kwamba amemnunulia punda wa pili wa kupokezana. Dawa ya uchovu ni kupunguza magunia. Na wale wenye klabu moja ya wachezaji kumi na wanane, punda wao wa pili watamtoa wapi?

Hayo ni ya juu. Sasa na ashukwe hadi Nyakahanga, kwenye kosa lililo kubwa zaidi ingawa halionyeshwi katika televisheni.

Kamati ya mashindano ya kijiji, iwe ya Karagwe, ya Kyerwa au ya Nungwi, inapoketi kuandika kanuni zake, huwa na kishawishi kimoja: kunakili. Kilichofanywa Dar es Salaam au London ndicho kinachoonekana kuwa mpira halisi. Basi huandikwa: kila timu itabadilisha wachezaji watano, na aliyetoka hatarudi. Hakuna anayeuliza kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya nani. Ilitungwa kwa ajili ya watu wanaolipwa mshahara, wacheze au wasicheze. Aliyekaa benchini katika ligi kuu amekosa dakika. Hakukosa chakula, wala mazoezi, wala mwalimu. Aliyekaa pembeni ya uwanja wa kijiji amekosa vyote alivyovijia.

Na amekuja kwa gharama. Kiangazi cha Karagwe, kati ya Juni na Agosti, ndicho wakati uwanja unapokauka na mipira inapopamba moto. Ndicho pia wakati wa kuchuma na kuanika kahawa. Kijana hutoka shambani kwa wazazi wake, hupanda na kushuka vilima kwa miguu au kwa baiskeli, na akichelewa nusu saa hukuta kumi na mmoja wameshaanza. Na ichukuliwe timu ya kijiji yenye vijana ishirini na wawili walioandikishwa. Kwa kanuni ya watano, kumi na sita ndio watakaoweza kucheza. Sita watarudi nyumbani na jezi safi. Jumapili ijayo, kwa kuwa kocha anataka kushinda, sita hao watakuwa wale wale. Baada ya mwezi hawatakuja. Kisha wakubwa watalalamika kwamba vijana wa siku hizi wamepotelea vijiweni.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kitabu cha sheria hakikuagiza hivyo. Sheria ya 3 ya mchezo huu, ile inayowahusu wachezaji, imeweka kikomo cha watano kwa mashindano rasmi. Lakini katika mpira wa vijana, wa maveterani, wa watu wenye ulemavu na ule wa ngazi ya chini kabisa, imeruhusu hata mchezaji aliyetoka arudi uwanjani, maadamu chama cha taifa kimekubali. Watunga sheria, ambao hapa juu wamelaumiwa, hapa chini walikuwa na hekima kuliko wanaowaiga. Walijua kwamba mpira wa kijijini una kazi nyingine. Mlango uliachwa wazi. Wanaoufunga ni wenye nyumba wenyewe.

Msomaji wa mashairi anao ufunguo wa jambo hili. Tangu miaka ya 1970, ilipotoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe katika ziwa lile lile linalopakana na Kagera, washairi wa Kiswahili wamebishana juu ya hesabu: je, lisilo na vina ni shairi, lisilo na mizani ni shairi? Ubishi huo haujaisha. Lakini mwenye arudhi na mwenye kuiacha wote wanajua jambo moja: sheria ya shindano si sheria ya darasa. Malenga akisimama mbele ya malenga mwenziwe hupewa mishororo minne na mizani kumi na sita, na akikwama kwenye kina haombi mshororo wa tano. Ufinyu huo ndio unaompima. Mtoto anayejifunza huachwa afute na aandike, afute na aandike. Katika vyuo vya Kurani vya mwambao, ubao uliandikwa, ukasomwa, ukaoshwa, ukaandikwa tena. Hakuna mwalimu aliyemwambia mwanafunzi kwamba ubao huu utaoshwa mara tano tu. Kikomo ni cha malenga. Mwanafunzi haki yake ni kurudia.

Kumpa malenga wa ligi kuu nafasi za kufuta nusu ya shairi lake, na kumnyima mtoto wa Nyakahanga nafasi ya kuuosha ubao wake, ni kuigeuza kanzu nje ndani.

Pingamizi zipo, na zisikilizwe. Itasemwa kwamba ruhusa ya kutoka na kurudi italeta vurugu, kwa kuwa uwanja wa kijiji hauna mwamuzi wa akiba wala kibao cha namba. Hiyo ni kweli, na dawa yake ni nyepesi: mabadiliko yafanywe mpira ukiwa umesimama, kwa idhini ya mwamuzi, katikati ya uwanja, anayetoka atoke kabla anayeingia hajaingia. Itasemwa kwamba wajanja watamweka pembeni kijana mrefu wa kuingia kwenye kona tu na kutoka. Basi aliyetoka asirudi kabla ya dakika kumi kupita, na ujanja huo utakufa. Itasemwa kwamba ipo zawadi, na penye zawadi hapana budi pawe na ukali. Kama zawadi ni mbuzi, basi na ukali wa fainali uwe wa fainali. Lakini mbuzi mmoja hana thamani ya kuwakosesha vijana sita msimu mzima.

Lipo na la mwisho, ambalo si la furaha bali la uhai. Kijana akigongwa kichwa, akaanguka, akainuka macho yakiwa hayatulii, wa kuamua kama aendelee ni nani? Katika ligi kuu yupo daktari, na tangu 2024 mashindano yanaweza kuweka nafasi ya ziada kwa ajili ya mtikisiko wa ubongo, isiyohesabiwa pamoja na zile za kawaida. Kijijini daktari hayupo pembeni ya uwanja, yuko hospitali. Kama nafasi tano zimekwisha, kocha ana mambo mawili ya kuchagua: kucheza kumi, au kumwambia kijana ajikaze. Wengi watamwambia ajikaze, wala si kwa ubaya wa moyo. Ni kanuni iliyowasukuma. Ndiko kurudi kwa Trautmann na Beckenbauer, pasipo eksirei na pasipo tambo za magazeti. Kanuni ya kutoka na kurudi huiondoa tamaa hiyo, kwani daima yupo wa kuingia. Ila kwa kichwa iwepo amri moja isiyopindwa: aliyegongwa akatiliwa shaka asirudi siku hiyo, hata akiapa kwamba mzima.

Madai, basi, ni mawili, na yanaweza kuandikwa katika karatasi moja. Katika ligi kuu, warudishwe watatu kwa ufundi wa kocha, na kando yao iwepo nafasi ya aliyeumia kichwa, kwa neno la daktari. Katika mashindano ya vijana na ya vijiji, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na mwenziwe wa Zanzibar watangaze wazi, kwa lugha ambayo kila kamati ya kijiji itaielewa, kwamba kutoka na kurudi kunaruhusiwa, na kila aliyeandikishwa kwa ajili ya mchezo ashike uwanja, wa kike kwa wa kiume, walau kwa nusu ya kipindi. Hilo halihitaji mdhamini, halihitaji nyasi za bandia, wala halihitaji shilingi moja. Linahitaji mtu wa kulitamka.

Wanaopenda mpira wa televisheni wataendelea kuhesabu hadi tano. Lakini jioni ya Jumapili, huko Karagwe na huku visiwani, pembeni ya kila uwanja yupo mmoja ambaye hesabu yake ni moja tu. Huyo asemewe kwa beti hii:

Mwiteni yule pembeni, naye apate kucheza,
Yu hapo tangu mwanzoni, amekaa anawaza,
Sheria i kitabuni, wala haikukataza,
Mpira wa kijijini, ni shule ya kujikuza.